Uliza ndani panatakiwa nini: grafu zinazohama na domeni zake

Naandika hasa kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tatu waliofika kwenye mada ya fanksheni (kanuni inayotoa jibu moja kwa kila namba unayoiingiza), na wale wa kidato cha tano wanaosoma BAM (Basic Applied Mathematics), ambao wakiulizwa domeni, yaani namba ambazo fanksheni inakubali kuingiziwa, wanajaza "namba zote halisi" ili mradi pasibaki wazi. Jibu hilo hupata alama mara nyingi kiasi cha kumfanya mtu alizoee, na hapo ndipo linapoponza. Mimi nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), kwa hiyo BAM haikuwa hiari. Aliyenisaidia mada hii ni dada mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi, aliyekuwa akinifundisha jioni nyumbani kwao. Alinifundisha domeni na kuhama kwa grafu kwa pamoja, wakati darasani tulizisoma kama vichwa viwili vya habari visivyojuana. Nikiangalia nyuma, naona tofauti yote ilitokea hapo.

Darasani tulikuwa na kanuni nne ubaoni. f(x) + 3 inapanda, f(x) − 3 inashuka, f(x − 3) inakwenda kulia, f(x + 3) inakwenda kushoto. Mbili za kwanza hazimsumbui mtu. Mbili za mwisho hazikai kichwani, kwa sababu alama ya kutoa inaipeleka grafu upande ambao namba zinaongezeka, na mwanafunzi anayekariri bila sababu atazigeuza siku ya mtihani. Ticha wangu, yule dada, aliziacha kanuni hizo zilivyo, akaanza na mabasi mawili.

Basi la kwanza linatoka Dar es Salaam kwenda Dodoma saa 12 asubuhi, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Tukihesabu muda t kuanzia saa 12, umbali wake ni f(t) = 60t. Basi la pili linatoka saa 3 asubuhi, barabara ileile, mwendo uleule. Sasa andika umbali wa basi la pili bila kubadilisha saa ya kuanzia kuhesabu. Ikifika saa 5 asubuhi, t ni 5. La kwanza limeshakwenda kilomita 300. La pili limetembea saa 2 tu, kilomita 120, ambayo ni 60(5 − 3). Kwa hiyo umbali wake ni f(t − 3). Ile 3 inatolewa kwa sababu basi limechelewa, na kuchelewa kwenye grafu ya muda ni kusogea kulia. Sijawahi kuhitaji kukumbuka tena "kutoa ni kulia".

Kisha akauliza: saa 2 asubuhi basi la pili liko wapi? t ni 2, hesabu inatoa 60(2 − 3), yaani kilomita −60. Lakini basi bado liko stendi, hata abiria hawajamaliza kupakia mizigo. Fanksheni ya kwanza inaanza kuwa na maana t ikiwa 0, na ya pili t ikiwa 3. Domeni ilikuwa t ≥ 0, imekuwa t ≥ 3. Grafu iliposogea hatua tatu kulia, domeni ilisogea nayo hatua zilezile.

Baada ya hapo ndipo tuligusa mfano wa vitabuni, f(x) = √x. Kipeuo cha pili cha namba hasi hakipo kwenye namba halisi, kwa hiyo domeni ni x ≥ 0. Alinitaka nikariri nukta nne tu: (0, 0), (1, 1), (4, 2) na (9, 3). Halafu g(x) = √(x − 3). Swali lake lilikuwa hilohilo kila mara: "Ili ndani ya kipeuo pawe 0, x iwe ngapi? Ili pawe 1? Ili pawe 4?" Majibu ni 3, 4 na 7. Nukta zinakuwa (3, 0), (4, 1), (7, 2), na ya nne ni (12, 3). Ukiziweka chini ya zile za mwanzo unaona kila x imeongezeka 3 na kila y imebaki ilivyo. Domeni unaisoma palepale kwenye nukta ya kwanza: x ≥ 3.

Swali hilo, ndani panatakiwa nini, ndilo ninalokuomba uliandike juu ya ukurasa wa daftari lako. Linafanya kazi hata pale kanuni zinapochanganya watu wengi, mfano √(2x − 6). Wengi huona 6 na kuandika kwamba grafu imekwenda kulia hatua 6. Uliza: ndani pawe 0, x iwe ngapi? 2x = 6, x = 3. Grafu inaanzia 3. Ukitoa 2 nje ya mabano unapata 2(x − 3), na hapo kuhama kwa hatua 3 kunaonekana wazi. Ile 2 kazi yake ni nyingine: inaibana grafu kuelekea pale inapoanzia, hivi kwamba umbali uliokuwa 4 unakuwa 2. Hakiki: x ikiwa 5, ndani pana 4, jibu ni 2. Kutoka 3 hadi 5 ni hatua 2. Kwa hiyo ukiona namba imezidishwa na x ndani ya mabano, itoe nje kwanza kabla hujasema chochote kuhusu kuhama. Na hata ukisahau, domeni itakushtua: kutatua 2x − 6 ≥ 0 hakuwezi kukupa 6.

Vivyo hivyo kwa √(5 − x). Alama ya kutoa mbele ya x inaipindua grafu kama kwenye kioo, ikaelekea kushoto. 5 − x ≥ 0 inatoa x ≤ 5. Mchoro wako ukielekea kulia wakati domeni inasema x haizidi 5, kimoja kati ya hivyo viwili kina kosa, na umeligundua kabla ya msahihishaji.

Yaliyo nje ya fanksheni ni mepesi, nitayapita haraka. Kinachofanyika nje kinagusa y, kwa hiyo kinabadilisha renji (thamani za y zinazopatikana) na kuiacha domeni. Chukua −2√(x + 1) + 4. Ndani: domeni x ≥ −1. Nje: y za mwanzo zidisha kwa −2, kisha jumlisha 4, kwa mpangilio huo. Nukta (0, 0) inakuwa (−1, 4), (1, 1) inakuwa (0, 2), (4, 2) inakuwa (3, 0). Renji ni y ≤ 4, kwa sababu grafu imepinduliwa na inashuka kutoka 4.

Kwenye sehemu, tahadhari ni asili (namba ya chini) isiwe sifuri. 1/(x − 2) ni grafu ya 1/x iliyosogea hatua 2 kulia, na ile namba iliyokatazwa imesogea nayo, kutoka 0 kwenda 2. Lakini kuna mtego mmoja ambao ticha alinifanya niukalie kwa muda mrefu: (x² − 9)/(x − 3). Ukirahisisha unapata x + 3, mstari mnyoofu. Domeni, hata hivyo, inatafutwa kwenye fanksheni kama ilivyoandikwa kabla ya kurahisishwa, na pale x ikiwa 3 asili ni sifuri. Chora mstari, kisha weka kiduara kitupu kwenye (3, 6). Anayekimbilia kurahisisha hukikosa.

Kuna domeni ambayo alama zenyewe hazikuambii. Una waya wa mita 40 kuzungushia banda la kuku la mstatili. Upande mmoja ukiwa x, mwingine ni 20 − x, na eneo ni x(20 − x). Algebra inakubali x yoyote. Weka 25 upate eneo la −125. Banda hilo halijengeki. Domeni ni 0 < x < 20. Sasa andika eneo hilo kwa namna nyingine: 100 − (x − 10)². Ni grafu ya x² iliyopinduliwa, ikasogea hatua 10 kulia na kupanda 100. Bila kanuni nyingine yoyote unaona kwamba eneo kubwa kabisa ni mita za mraba 100, x ikiwa 10, na renji inaishia hapo. Mfano huu ndio ningempa mtu anayeuliza mada hii ina faida gani.

Kuhusu mwalimu wa ziada, nina msimamo. Pindi la tuisheni la watu wengi linasaidia kupitia mitihani iliyopita, lakini kwa mada hii halitoshi, kwa sababu unatakiwa kuulizwa wewe na usubiriwe ujibu. Tafuta anayekupa penseli. Wangu alikuwa akiandika fanksheni, kisha anataka niseme kwa mdomo grafu itaanzia wapi, itaelekea upande gani, na kwa nini, kabla sijagusa karatasi ya grafu. Alifundisha kwa Kiswahili mpaka nielewe, halafu akanitaka niandike jibu lote kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo mtihani wa sekondari unavyotaka. Hatua hiyo ya pili msiiruke. Na usiende kwake ukisema "sielewi fanksheni". Nenda na swali moja ulilolianza, umwoneshe mstari uliokwamia.

Mzazi unayelipa ada ya tuisheni, usihesabu maswali yaliyosahihishwa. Mwambie mwanao akueleze kwa nini f(x − 3) inakwenda kulia. Akikujibu "ndiyo kanuni", zungumza na mwalimu wake.

Kama una simu, programu ya GeoGebra ni ya bure na inachora grafu yoyote kati ya hizi. Itumie kuhakiki baada ya kuchora kwa mkono. Ukianza nayo, jicho litaona grafu lakini akili haitakuwa imekisia chochote.

Anza na hii: √(8 − 2x) + 1. Toa −2 nje, upate −2(x − 4) ndani ya kipeuo. Tafuta x inayofanya ndani pawe 0, kisha 4, kisha 16. Utapata 4, 2 na −4, na nukta (4, 1), (2, 3) na (−4, 5). Kama grafu yako inaanzia (4, 1) na kupanda ikielekea kushoto, domeni ikiwa x ≤ 4 na renji y ≥ 1, endelea na swali linalofuata kwenye kitabu chako.