Acha tableti mkobani kwanza

Wewe unayeanza masomo ya urubani, nakuomba jambo moja: safari zako za mwanzo za masafa zifanye kwa ramani, dira, saa na penseli.

Mimi nilifundishwa hili angani, nikitoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, kwenda Magadi. Tableti iliyokuwa ikinionyesha njia ilipata joto ikazima. Mlima Olorgesailie, ambao kwa mahesabu yangu ulipaswa kupita mbali upande wa kulia, ulikuwa umesogea karibu na bawa. Mkufunzi hakugusa usukani, aliniuliza tu, "Umetoka njiani maili ngapi?" Nikapima kwa vidole kwenye ramani: tatu, baada ya kuruka 30. Kosa la digrii moja hukupotosha maili moja kila unapokwenda 60, kwa hiyo upepo ulikuwa umenisukuma digrii 6. Nikageuza pua kushoto, jasho likinitiririka.

Majeshi yenyewe yalichelewa kuipa elimu hii uzito. Mwaka 1917, pale Gosport, Robert Smith-Barry aliubadili kabisa ufundishaji wa marubani wa Uingereza. Mwalimu na mwanafunzi walipanda Avro 504 moja, kila mmoja na usukani wake, wakisemezana kupitia bomba la mpira. Hatari kama ndege kuanguka ikizunguka zilifundishwa, hazikukwepwa tena. Naona huo ndio mwanzo wa shule zetu za leo.

Lakini kutafuta njia kulibaki nyuma. Agosti 1941, ripoti ya Butt, mtumishi wa serikali ya Uingereza, ilichunguza picha zilizopigwa na ndege za Uingereza zikidondosha mabomu usiku. Kati ya zilizodaiwa kushambulia shabaha, ni theluthi moja tu zilizofika ndani ya maili 5! Watu walikuwa wakifa wakilipua mashamba. Mwaka uliofuata kazi ikagawanywa: navigeta, yaani mtafuta njia, akabaki na njia, mwingine akashika mabomu. Manavigeta wengi walipikwa Kanada, chini ya mpango wa mafunzo wa Jumuiya ya Madola wa Desemba 1939 uliohitimisha wanajeshi wa anga zaidi ya 131,000. Huko Rivers, Manitoba, walijifunza kupima nyota kwa sekstanti, kifaa cha kupimia kimo cha nyota juu ya upeo wa macho.

Basi fanya hivi: chora mstari wako jana yake, uugawe kwa dakika kumi kumi, na kando ya kila alama andika utakachokiona chini, mto, reli au kilima. Ukiwa hewani andika saa halisi uliyopita hapo. Ukitua, keti na mkufunzi wako mpitie tofauti moja moja kabla hamjanywa chai.