Maswali ya wasomaji: Maji ya mgao, bili ya kufuru

Toleo hili tumechagua maswali manne ya maji ya nyumbani. La kwanza tumelijibu kwa urefu maana wenye shida kama hiyo ni wengi mno.

SWALI: Habari za kazi dada. Mi naishi Mbagala na mume wangu na watoto wanne. Maji huku ya mgao, mara mbili kwa wiki, yakija tunajaza simtanki la lita 2,000 basi, mpaka mgao mwingine. Siku zote bili haivuki yuniti 14, sasa mwezi uliopita imekuja yuniti 31! Watoto nimewapunguzia maji ya kuoga mpaka wananung'unika, nguo nafua mara moja kwa wiki. Nibane wapi tena? – Mama Wanne, Mbagala

JIBU: Mama, kwanza waache watoto waoge. Hayo maji hamkuyatumia nyie. Tupige hesabu kidogo: yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita ishirini. Mgao mara mbili kwa wiki ni kama mara tisa kwa mwezi, sasa hata mngelikomba tenki lote mpaka chini kila mara na kulijaza upya, hizo ni yuniti 18. Mkiongeza na yale mnayotumia moja kwa moja siku maji yanatoka bado 31 hamfiki. Kuna maji yanapita kwenye mita alafu yanaenda zake bila mtu kuyagusa.

Mi naanza kushuku boya la tenki. Maji ya mgao mara nyingi yanakuja usiku na presha kubwa, boya likiwa limechoka halifungi, tenki linajaa linamwaga kwa juu mpaka asubuhi nyie mmelala, na jua likitoka sakafu inakauka kama hakujatokea kitu. Nenda kaangalie ukuta na chini ya tenki, ukiona michirizi ya ukungu wa kijani au weupe wa chumvi, au udongo unadidimia ukikanyaga, umeshampata mwizi. Panda ulitoe boya ulitikise, likilia chubwi chubwi ndani ujue limetoboka limejaa maji haliwezi kuelea tena. Likiwa zima basi washa yake, ile raba ya kuzibia, ndo imelika. Vyote viwili vinauzwa duka la vifaa vya bomba na bei yake hailingani kabisa na hizo yuniti 17 za zaidi.

Kama boya liko sawa, fanya kipimo cha mita siku maji yanatoka. Tenki likishajaa funga koki inayopeleka maji kwenye tenki na mabomba yote ya nje, alafu funua kifuniko cha mita uangalie kale kagurudumu kadogo kanakozunguka pale kwenye kioo. Kakizunguka wakati kila kitu kimefungwa, bomba limepasuka chini ya ardhi baina ya mita na nyumba, tembea juu ya njia ya bomba utafute sehemu yenye unyevu au majani yaliyonawiri peke yake. Kakisimama, usihangaike kuchimba, fungulia tenki ushughulike na vya ndani. Hapo choo cha kuflashi ndo mtuhumiwa namba moja maana kinavuja kimya kimya: tia rangi ya chakula kwenye tenki la choo, usiflashi kwa nusu saa, rangi ikitokea kwenye bakuli ujue raba ya ndani haizibi.

Na kila mgao ukianza na ukiisha piga picha mita. Tarakimu nyeusi ndo yuniti nzima, nyekundu ni vipande vya yuniti. Ukikuta huvuji popote, nenda na picha zako ofisi ya maji uombe mita ipimwe, kwa sababu mabomba yakikaa matupu upepo unatangulia mbele ya maji na unaweza kuzungusha mita. Uende na picha mama, maneno matupu hayatakusaidia pale dirishani.

SWALI: Assalam aleikum. Vijana wangu wakitawadha bomba linamwaga mwanzo mpaka mwisho. Nikisema wanadai udhu lazima maji yatiririke. – Bibi, Tanga

JIBU: Waaleikum salam bibi. Waambie wajukuu Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, ambayo kwa vipimo vyetu haifiki hata lita. Wape birika au kopo la lita moja kila mmoja, maji yanatiririka vizuri tu kutoka kwenye mdomo wa birika. Ukitaka waamini, weka ndoo chini ya bomba siku moja wakitawadha waone wenyewe inavyojaa.

SWALI: Kaka au dada, nimejenga Kinyerezi, bati mita 10 kwa 6. Kuweka gata na tenki la mvua kunalipa kweli au ni mbwembwe?

JIBU: Kunalipa sana. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako ni mita za mraba 60, mvua ya milimita 20 inakupa lita 1,200, toa kama sehemu moja ya tano inayorukia nje na kupotea, unabaki na karibu yuniti nzima kwa mvua moja ya masika. Waliokuwepo Dar Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yaliposhuka jiji likaingia mgao mkali, wanajua lita elfu moja uani ni kitu gani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, ndo ugeuze bomba kwenye tenki. Alafu funika kwa wavu mdogo mdogo usioacha nafasi, mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia na Dar ilishaugua dengi 2014 na tena 2019. Ya kunywa chemsha.

SWALI: Maji ya kufulia naweza kumwagilia mchicha?

JIBU: Mchicha hapana, sabuni ya unga ina chumvi na majani unayala. Mchicha upe maji ya kuoshea mchele na mboga. Ya kufulia peleka chooni au pigia deki, suuza ya mwisho mwagia mgomba, ila siku umetia jiki usimwagie mmea wowote. Na usiyalaze, kesho yake yananuka.