Baba ana saratani ya figo: "T1b N0 Mx" ni nini?

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Baba yangu ana miaka 58, analima viazi Isongole. Alianza kukojoa damu, zahanati wakampa dawa za U.T.I, damu ikakata kisha ikarudi. CT scan aliyopigwa Mbeya mjini imeonyesha uvimbe wa sentimita 5 kwenye figo ya kushoto. Karatasi imeandikwa "T1b N0 Mx". Daktari anataka kuitoa figo bila kuchukua kinyama cha kupima kwanza. Baba mdogo anasema kansa ikiguswa na kisu inasambaa, bora mitishamba. Kwa sasa baba anameza diklofenaki kwa maumivu ya kiuno. Tufanyeje?
Binti, Rungwe

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji mpaka nikastaafu, na karatasi za namna hiyo nimewasomea ndugu wengi wa wagonjwa.

T ni uvimbe wenyewe. 1b maana yake umezidi sentimita 4, haujapita 7, na bado umo ndani ya figo. N0, mitoki ya jirani haijaonekana kuwa na tatizo. Hapo mna sababu ya kutumaini. Kinachonikera ni hiyo Mx: hakuna aliyeangalia kama ugonjwa umefika mbali. Saratani ya figo ikihama hupenda mapafu na mifupa, kwa hiyo ombeni kifua kipimwe kabla ya siku ya upasuaji. Kifua kikiwa safi, baba yuko hatua ya kwanza, na wengi wa hatua hiyo hupona kwa upasuaji peke yake.

Baba mdogo msimgombeze. Huenda alimwona mtu aliyepasuliwa akafariki, lakini wengi wa hao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Mwelezeni kwa upole kwamba saratani hii haisikii vizuri dripu za kemo zilizozoeleka, na ikiwa bado imo ndani ya figo, kisu ndiyo tiba yake kuu. Mitishamba hapana kabisa. Mingine inaua figo, na baba atabaki na moja tu ya kumlinda.

Kuhusu kinyama, daktari hajaruka hatua. Ile dawa anayochomwa mgonjwa kwa sindano wakati wa CT scan huonyesha jinsi damu inavyoingia kwenye uvimbe, na uvimbe mgumu unaoivuta dawa hiyo mara nyingi ni saratani. Kinyama kitapimwa maabara ukishatolewa.

Muulizeni swali moja bila woga: je, inawezekana kukata uvimbe tu na kuacha sehemu ya figo isiyo na ugonjwa? Kwa sentimita 5 wakati mwingine inawezekana, inategemea umekaa wapi na kama kuna bingwa wa kuifanya kazi hiyo. Ulizeni pia kreatinini yake (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) ni ngapi, na figo ya kulia ikoje.

Diklofenaki aache leo hii, maana inazibana figo. Kiuno kikiuma, parasetamoli kwa kipimo cha daktari, na damu ikirudi na mabonge au mkojo ukiziba, msisubiri tarehe ya kliniki.