Jani linaua vidudu maabara, je litakuponya wewe? Majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu malaria meseji zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja, kwamba mmea fulani umethibitika una dawa ndani yake, sasa kwanini tusiutumie moja kwa moja. Nimechukua machache, nimeyafupisha, majina nimeyaacha.

Niko Muheza. Kuna bibi hapa anauza majani makavu ya artemisia, anasema ndo kitu kile kile kilichomo kwenye dawa ya mseto. Si ninywe chai yake tu mimi na wanangu?

Dada, kwenye asili bibi yuko sahihi kabisa. Artemeta iliyomo kwenye mseto inatengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini inatoka kwenye huo mmea. Aliyeongoza kazi ya kuipata ni mama wa Kichina, Tu Youyou, ndani ya mradi wa siri wa jeshi ulioanza tarehe 23 Mei 1967, ndo maana ukaitwa 523, kipindi kile cha vita ya Vietnam askari wanakufa kwa malaria na klorokwini imeanza kushindwa. Timu yake ikapitia mamia ya mimea ya tiba ya jadi, na artemisia ikawa inawasumbua kweli kweli, leo inaonyesha matokeo kesho hamna kitu. Akarudi kwenye maandiko ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, akakuta maelekezo kwamba majani yalowekwe kwenye maji, yakamuliwe, juisi inywewe, hakuna mahali panaposema yachemshwe. Hapo akapata wazo kwamba huenda moto ndo unaoharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika cha kutolea dawa kwenye majani kinachochemka kwenye nyuzi 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikasafisha vidudu vyote kwenye damu ya panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaimeza wao kwanza kabla ya kumpa mgonjwa. Nobel ikaja 2015.

Sasa we unayetaka kuweka sufuria jikoni, irudie hiyo habari taratibu. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji, kiasi chake kinapanda na kushuka kulingana na mbegu, shamba, mwezi wa kuvuna na jinsi majani yalivyokaushwa, kwa hiyo kikombe cha leo na cha kesho havilingani na hakuna anayejua kila kimoja kina kiasi gani. Alafu hata ile safi ya kiwandani ikiwa peke yake inatoka mwilini ndani ya masaa machache. Ndo maana kwenye mseto imewekwa pamoja na lumefantrini, ambayo inakaa siku kadhaa ikimalizia vidudu vilivyobaki. Kwenye chai huyo mwenzake hayupo. Kuna utafiti ulifanyika Kongo, ukachapishwa 2004, wagonjwa walipewa hiyo chai, wengi wakapata nafuu wiki ya kwanza, ila baada ya hapo vidudu vikarudi kwa wengi wao kabla mwezi haujaisha. Hiyo ndo hatari yenyewe, homa inashuka unajiona umepona kumbe vimebaki vichache vinazaliana upya, na kwa mtoto mdogo malaria inaweza kupanda kichwani ndani ya siku moja au mbili. WHO walishasema hawaungi mkono kutumia majani hayo kutibu wala kukinga malaria. Nakuomba sana, mtoto akichemka mpeleke akapimwe, kile kipimo cha tone la damu majibu yanatoka kama dakika 20 tu.

Kwanini muuza dawa alinisisitizia nimeze mseto na maziwa?

Kwa sababu lumefantrini inahitaji mafuta ndo iingie kwenye damu vizuri. Ukimeza na tumbo tupu sehemu kubwa inapita tu inatoka. Chai ya maziwa, karanga, uji uliotiwa nazi, vyote vinafaa. Mtu mzima wa kilo 35 na kuendelea anameza vidonge 4 mara 6, jumla 24: dozi ya pili masaa 8 baada ya ile ya kwanza, zinazobaki asubuhi na jioni mpaka siku tatu ziishe. Ukitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, rudia hiyo dozi, na ukapate nyingine ya kujazia.

Mimi ni wa Karagwe. Nasikia malaria imeanza kuizoea mseto huku kwetu, ni kweli au ni maneno ya mtaani?

Ni kweli, na ni jambo linalonikosesha usingizi, ila inabidi ulielewe vizuri usije ukaacha dawa.

Kidudu cha malaria kikiingia kwenye seli nyekundu kinakula himoglobini, hicho ndo chakula chake. Ikishameng'enywa inabaki himu, ambayo ina chuma ndani yake na ni sumu kwa kidudu chenyewe, kwa hiyo kinaigandisha iwe fuwele isiyo na madhara. Mtu wa maabara akiweka slaidi kwenye hadubini anaziona hizo fuwele, vidoa vya kahawia ndani ya kidudu. Klorokwini inazuia huo ugandishaji, kidudu kinakufa kwa sumu ya chakula chake mwenyewe. Artemisinini nayo inaitumia himu hiyo hiyo kwa njia nyingine, ina daraja la atomu mbili za oksijeni, likikutana na chuma ya himu linakatika, na vipande vinavyotokea hapo vinanata kwenye protini za kidudu na kuziharibu kila upande, sio protini moja tu. Mi kila nikifundisha hii sehemu huwa naona ni moja ya kemia nzuri kuliko zote zilizopo kwenye dawa, kwamba dawa inakaa kimya mpaka ikutane na mabaki ya chakula cha adui.

Sasa vidudu vilivyobadilika kwenye jini inayoitwa kelch13 vimefanya nini? Vikiwa bado vichanga, masaa ya mwanzo baada ya kuingia kwenye seli, vinapunguza kula himoglobini. Himu inakuwa kidogo, dawa inakosa cha kuiwasha, na kwa kuwa dawa inaisha haraka mwilini, kidudu kinasubiri ipite kisha kinaendelea na maisha. Badiliko linaloitwa R561H liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, baadae likaonekana na huko Kagera kwenu, na kaskazini mwa Uganda wana ya kwao ya aina nyingine. Huu ni usugu nusu, yaani vidudu vinachelewa kuisha kwenye damu lakini lumefantrini bado inawamalizia wagonjwa wengi. Mseto bado unatibu. Kinachouua haraka ni watu kumeza nusu dozi, kumeza bila kupima, na vidonge feki.

Na hii nakwambia kwa sababu inatia moyo: Malawi waliacha klorokwini mwaka 1993 kwa sababu ilikuwa imeshindwa kabisa. Miaka kama kumi na mbili baadae watafiti wakaijaribu tena kwa watoto, ikashindwa kwa mtoto 1 tu kati ya 80. Vidudu sugu vilikuwa vimezidiwa na vile vya kawaida baada ya dawa kuondolewa, maana usugu una gharama kwa kidudu kisipokuwa na dawa ya kupambana nayo. (Msikimbilie klorokwini za zamani kabatini jamani, haimo kwenye mwongozo wa kutibu malaria hii yetu.)

Dawa mpya pia zipo njiani. Kuna ganaplacidi, iliyopatikana baada ya kuchuja molekuli zaidi ya milioni 2, inavuruga usafirishaji wa protini ndani ya kidudu kwa hiyo haitegemei himu kabisa. Imeunganishwa na lumefantrini, imejaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,600 katika nchi 12 za Afrika, na matokeo yaliyotangazwa Novemba 2025 yalionyesha haikuachwa nyuma na mseto wa sasa.

Nakunywa manjano kila asubuhi kuzuia kansa, nimesoma tafiti zinasema inaua seli za kansa kabisa. Nakosea?

Kwenye pilau na mchuzi endelea mama, hakuna aliyekukataza. Ila kwenye kansa tuambiane ukweli. Seli zikiwa kwenye kisahani cha maabara unazimwagia kitu moja kwa moja, na kwa kiwango kikubwa hata chumvi na spiriti zitaziua. Swali ni kama hicho kiwango kinaweza kufika kwenye uvimbe ndani ya mwili wa mtu bila kumuumiza. Kukumini, ile ya njano yenyewe, utumbo hauichukui vizuri, inavunjika haraka, na ina tabia mbaya zaidi ya kuchanganya vipimo, inang'aa yenyewe na kunata kwenye protini ovyo, kwa hiyo mashine inasoma kwamba imefanya kazi wakati haijafanya. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Nelson walipitia kazi zote, majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, wakasema hakuna hata moja lililopangwa vizuri ambalo limeonyesha imefaulu.

Vidonge vya manjano vilivyoongezwa pilipili manga ili iingie mwilini zaidi, hivyo ndo uwe navyo makini. Kuna watu wameharibika ini kwa hivyo. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama kokakola, acha na uwahi hospitali.

Baba ana sukari, jirani kamwambia achemshe lile ua dogo la pinki linaloota uani, petali tano. Niko Unguja.

Asinywe, mdogo wangu. Hilo ua ni vinka (Catharanthus roseus), na bahati nzuri jibu lake linajulikana vizuri sana. Miaka ya 1950 Robert Noble, mtafiti wa Kanada, alitumiwa majani yake kutoka Jamaika, ambako watu walikuwa wanayanywa kwa ajili ya sukari. Wakawapa panya, sukari haikushuka. Ila walipojaribu kuwachoma sindano ya maji ya majani yale panya wakaanza kufa kwa maambukizi, kucheki damu wakakuta seli nyeupe zimeisha. Noble na Charles Beer wakafuatilia mpaka wakapata vinblastini, na baadae ikaja vinkristini, zinazozuia seli kugawanyika. Vinkristini leo ndo mojawapo ya dawa kuu za saratani ya damu kwa watoto, mtoto anapimwa urefu na uzito anapewa miligramu chache, au chini ya hapo, kwa mshipa. Zinahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja.

Kwa hiyo huyo jirani anampikia mzee mmea wenye sumu za kuzuia seli, kwa kiasi asichokijua. Na kama baba anatumia metformini, mwambie hiyo nayo ilianzia kwenye mmea, galega wa Ulaya. Kemikali yake ya asili ilishusha sukari ila ilikuwa na sumu, wanakemia wakatengeneza ndugu yake aliye salama zaidi, na Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matumizi yake kwa wagonjwa mwaka 1957.

Kaka, niko Kindu, Kongo. Mjomba alitibiwa malale zamani kwa sindano, alisema ilimuunguza mishipa. Bado wanatumia ile?

Pole kwa mjomba, hiyo lazima ilikuwa melarsoproli. Ina aseniki ndani yake na iliua kama mgonjwa 1 kati ya 20, watu waliikubali kwa sababu malale yenyewe ikifika kwenye ubongo haiachi mtu. Sasa kwa malale ya huko kwenu kuna feksinidazoli, vidonge vya siku 10, unameza baada ya chakula. Molekuli yake ilikuwa imetupwa kabatini na kampuni ya Kijerumani tangu miaka ya 1980, DNDi, shirika lisilo la faida linalotafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika, likaifufua, wakaifanyia majaribio Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na serikali yenu ikaipitisha Desemba 2018. Yenyewe inaamshwa na kimeng'enya kilichomo kwenye kidudu, seli zetu hazina cha aina hiyo. Wale ambao ugonjwa umeshazama sana kichwani bado wanaweza kupewa NECT, mchanganyiko wa dawa mbili, moja ya vidonge na nyingine ya dripu. Na kuna nyingine, akoziboroli, ya kumeza mara moja tu, iliyojaribiwa Kongo na Guinea, zaidi ya asilimia 90 wakapona. Madaktari na manesi wa Kongo ndo waliobeba hiyo kazi vijijini kwa mtumbwi na pikipiki, na nadhani hawajasifiwa vya kutosha.

Form six hapa, PCB. Akili mnemba si itagundua dawa zote, nisome nini sasa?

Kemia, bado kemia. AlphaFold, programu ya akili mnemba, imetabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200 na waliohusika walipata Nobel ya kemia 2024, ni kazi kubwa mno. Ila umbo la protini halikwambii kama molekuli yako itaharibu ini, itakaa mwilini masaa mangapi, au mama mjamzito anaweza kuimeza. Hayo yanatafutwa kwa mikono. Angalia wanachofanya H3D kule Cape Town, kituo cha kutafuta dawa alichokianzisha Kelly Chibale wa Zambia mwaka 2010, molekuli yao ya malaria ilifika mpaka kwa binadamu. Na Ifakara, taasisi yetu ya utafiti wa afya, wana kituo cha majaribio Bagamoyo, omba field huko ukiwa chuo.

La mwisho: mafuta ya mwarobaini naweza kumpa mtoto wa miezi minane kijiko kimoja, ana mafua?

Hapana, hata matone. Kuna watoto waliopewa hayo mafuta kunywa huko Malaysia na India wakapata degedege na ubongo kuvimba, wengine walikufa. Kama umeshampa na ameanza kutapika, kusinzia kusiko kawaida au kupumua haraka, mkimbize hospitali sasa hivi, uende na chupa yenyewe uwaonyeshe.