Je, hofu ya utotoni yaweza kudhuru mwili ukubwani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nina umri wa miaka 41. Nililelewa katika nyumba ambamo baba alilewa na kumpiga mama, nami kila usiku nililala nikisikiliza hatua zake mlangoni. Mwaka huu nimegundulika kuwa na shinikizo la juu la damu, ingawa sivuti sigara wala sinywi pombe. Je, yale ya utotoni ndiyo chanzo? Na mwanangu wa miaka 6 atayarithi?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa uliyoyapitia.

Siwezi kusema kwamba utoto wako peke yake ndio uliokuletea maradhi haya, kwa kuwa chumvi, uzito, umri na ukoo pia huchangia. Hata hivyo, shaka yako ina msingi. Mwaka 1998, madaktari Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha utafiti uliofanyika San Diego, Marekani, ambamo watu wazima zaidi ya 9,000 waliulizwa kuhusu madhila ya utotoni, yakiwemo kupigwa, kuishi na mlevi na kushuhudia mama akipigwa. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepatwa na angalau moja, na kadiri madhila yalivyokuwa mengi, ndivyo maradhi ya moyo, saratani na sonona yalivyoonekana zaidi. Wengi hukimbilia sigara na pombe ili kutuliza maumivu hayo. Wewe umejiepusha nazo, na hilo si jambo dogo.

Mtoto anaposikia hatua zile, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini na kotisoli, yaani homoni za kuutayarisha mwili kukabili hatari, moyo ukaenda mbio na shinikizo la damu likapanda. Hofu ikipita, naye akapata wa kumkumbatia, mwili hutulia. Ikijirudia usiku baada ya usiku pasipo wa kumtuliza, ubongo ambao bado unajengeka huzoea kukaa macho, na miaka mingi baadaye mlango ukibamizwa tu, mwili mzima hushtuka.

Kuhusu mwanao, mwelekeo wa shinikizo la damu huweza kupita katika ukoo, lakini usiku ule wa hofu ulikuwa wako, si wake. Katika kisiwa cha Kauai, huko Hawaii, Marekani, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Takriban thuluthi moja ya waliokulia katika mazingira magumu walistawi vizuri, na mara nyingi walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa uthabiti. Mtu huyo waweza kuwa wewe. Ukimfokea, rudi umwombe radhi na umkumbatie.

Usiache dawa zako. Mweleze daktari anayekutibu haya uliyoniandikia, na kama usingizi wako bado hukatika ukisikia hatua mlangoni, mwombe akuelekeze kwa mshauri nasaha.