Benki ya mto au ukingo wa mto?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafanya kazi ya kutafsiri vijitabu vya kilimo kutoka Kiingereza. Katika kimoja, mwenzangu ameandika: "Mkulima asilime ndani ya mita 60 kutoka benki ya mto." Nilipomuuliza, akasema Kiingereza chake ni "bank", na kamusi inasema "bank" ni benki. Najua amekosea, ila nimeshindwa kumweleza inakuwaje neno moja libebe fedha na mto. Pia tunabishana kuhusu wingi: ni benki au mabenki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwanza turekebishe sentensi yenyewe kabla kijitabu hakijaenda kuchapishwa: "Mkulima asilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto." Hilo ni sharti la Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mkulima atakayesoma "benki ya mto" hatajua aanzie wapi kupima. Ukingo ni neno letu wenyewe, linatokana na kitenzi kukinga: ni sehemu inayoyakinga maji yasitoke nje ya njia yake. Ndiyo maana hata beseni na karai vina ukingo. Wingi wake ni kingo.

Sasa tuje kwa mwenzako. Kamusi haikumdanganya, ila aliishia kwenye maana ya kwanza aliyoiona. Kamusi kubwa za Kiingereza huliorodhesha "bank" zaidi ya mara moja, kila moja na namba yake, kwa kuwa ni maneno yaliyofika kwa njia tofauti yakaishia kuandikwa sawa. Lile la mto linaonekana katika maandishi ya Kiingereza tangu yapata mwaka 1200, na lilitoka katika lugha ya watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza. Maana yake ilikuwa tuta, mwinuko wa ardhi.

Lile la fedha lilichelewa sana. Liliingia karne ya 15 kupitia Kifaransa, nacho kililitoa Kiitaliano, ambako "banca" au "banco" ni benchi au meza ndefu. Wabadili fedha wa miji kama Genoa, Florence na Venice waliketi sokoni, sarafu zao zimepangwa juu ya meza hizo. Jina la meza likawa jina la kazi, kisha likawa jina la jumba linalofanyiwa kazi hiyo.

Waitaliano nao walilipata kutoka kwa makabila ya Kijerumani, na ukilifuata nyuma zaidi unafika kwenye shina lilelile la kale lililozaa "bank" ya mto. Kwa hiyo maneno haya mawili ni ndugu waliopoteana wakakutana ukubwani. Tena wana ndugu wa tatu, "bench", ambaye sisi tumempokea kwa jina la benchi. Mshambuliaji anayesugua benchi na mfanyakazi anayepanga foleni benki mwisho wa mwezi wanatumia maneno ya ukoo mmoja. Binafsi hili hunifurahisha kila ninapolifundisha, kwa sababu tumeyachukua maneno yote mawili bila mtu kutuambia kwamba yanajuana.

Kutokana na meza hiyo ya Italia Waingereza walipata pia "bankrupt", kutoka "bancarotta", yaani benchi lililovunjika. Husimuliwa kwamba mbadili fedha aliyeshindwa kulipa madeni alivunjiwa meza yake hadharani. Naipokea kama simulizi tu, kwani mtu aliyevunjika kibiashara anaeleweka hata bila shoka. Sisi hatukulihitaji: tulikwisha kuwa na muflisi na kufilisika kutoka Kiarabu, yenye shina moja na fulusi. Waarabu wana pia "masrif" kwa maana ya benki, shina moja na sarafu yetu, lakini hilo hatukulichukua. Mwaka 1896 National Bank of India ilifungua tawi Mombasa, na aina hiyo ya biashara ilipoenea pwani na bara, jina lililotumika ni lile la wenye biashara.

Kwa hiyo Kiswahili kilichukua "bank" moja tu, ile ya fedha, na maana zilizoota juu yake. Mwaka 1937 daktari Bernard Fantus wa Hospitali ya Cook County, Chicago, alianzisha hifadhi ya damu akaiita benki, kwa sababu damu iliwekwa, ikatunzwa, ikatolewa mgonjwa alipoihitaji. Basi benki ya damu ni Kiswahili safi, na benki ya mbegu vilevile. Mimi hujiuliza hivi: je, kuna kuweka na kuchukua? Kama hakuna, natafuta neno jingine. Ndege inapopinda angani Waingereza husema ina-"bank"; sisi tunasema inalala upande. Moto uliofunikwa majivu ili ukeshe, tunasema umefukiwa. Kum-"bank" mtu kwa maana ya kumtegemea ni kumtegemea tu. Na eneo lililo magharibi ya mto Yordani watangazaji wetu huliita Ukingo wa Magharibi, na wamepatia kabisa.

Hata penye kuweka na kuchukua, tazama kwanza kama neno lipo. Nimewahi kusoma "benki ya nguruwe", tafsiri ya "piggy bank", katika kitabu cha watoto. Mtoto wa Kitanzania anaweka sarafu zake kwenye kibubu.

Kuna benki nyingine iliyojificha, na huko vijijini mnaiona kila wiki. VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana fedha, ni kifupisho cha Kiingereza, "Village Community Bank", na herufi zake mbili za mwisho, BA, ni za "bank". Lakini watu walipolisikia, walisikia vikoba, wingi wa kikoba, yaani mfuko mdogo. Leo akina mama wanasema "kikoba chetu kinavunjwa Desemba" wala hawafikirii kifupisho chochote. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa. Mimi naliona ni Kiswahili kikifanya kazi yake: kimelipa neno la kigeni umoja, wingi na maana inayoshikika mkononi. Katika vijitabu vyenu andikeni kikoba na vikoba bila wasiwasi.

Tumalizie na wingi. Benki imo katika ngeli ya I-ZI: benki hii, benki hizi, benki zimefunga. Mabenki yanasikika sana, hata katika nyaraka za serikali, na sithubutu kusema wote hao hawajui lugha, kwa kuwa ma- huongezwa tunapotaka kuzungumzia vitu kwa ujumla wake. Kosa linalonikera ni kuchanganya: "mabenki zimefunga". Ukichagua mabenki, sema mabenki yamefunga. Mimi ningewashauri mshike benki zimefunga, mwache ma- kwa benchi, ambalo linaistahili bila ubishi: benchi hili, mabenchi haya, benchi la ufundi.