Anayekukaba Ndiye Anayekuhesabia: Ushauri kwa Wachezaji wa Frizbi

Mtu aliyezoea kandanda akija kutazama frizbi ya ultimeti, mchezo wa timu mbili ambao wachezaji hupasiana diski ya plastiki kwa kuirusha, kwa mara ya kwanza hapa Nairobi, kinachomshangaza zaidi ni kwamba hakuna refa uwanjani, na kwamba mlinzi anayemkaba mwenye diski ndiye huyo huyo anayemhesabia muda. Mlinzi husimama mbele yake, hutamka neno "stolingi", kisha huhesabu kuanzia moja, na ikiwa diski haijatoka mkononi mwa mrushaji kabla mlinzi hajaanza kutamka kumi, timu ya mlinzi huichukua. Saa, basi, imekabidhiwa mtu ambaye hunufaika ikienda mbio. Nimecheza na kuwafundisha chipukizi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba utaratibu huu unafaa, lakini pia nimeona kwamba ugomvi mwingi unaolipuka kwenye kumi huwa umeanza kwenye nne au tano, pale mrushaji aliposikia hesabu inakimbia akaamua kunyamaza.

Tuanze na anayehesabu. Kanuni za shirikisho la dunia la michezo ya diski, WFDF, zinataka ipite angalau sekunde moja kutoka mwanzo wa kutamka nambari moja hadi mwanzo wa kutamka inayofuata, na hesabu isikike wazi kwa mrushaji. Mlinzi haruhusiwi kuanza hadi awe ndani ya mita tatu kutoka mahali mrushaji alipoegemeza mguu wake, na akitoka nje ya umbali huo, au mwenzake akichukua nafasi yake, hesabu huanza upya. Sehemu hii ya mwisho husahaulika sana: mlinzi mpya hufika akihema na kuendeleza sita ya mwenzake kana kwamba amerithishwa.

Si kila anayehesabu haraka ni mdanganyifu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyetoka kukimbia urefu wa uwanja akimfuata mpinzani hana pumzi ya kutosha kuzitenganisha nambari, kwa hiyo sita na saba hutoka kwa mkupuo mmoja na nane humezwa kabisa. Ndiyo maana nawashauri wachezaji wafanye mazoezi ya kuhesabu wakiwa wamechoka, mara tu baada ya mbio fupi, huku mwenzao akiwa ameshika simu yenye saa ya kupima sekunde. Wengi hupigwa na butwaa wanapoonyeshwa kwamba wamefika kumi wakati saa ingali inasoma saba. Anayehesabu akiwa ametulia chini ya mti hajifunzi lolote, kwa sababu hapo kila mtu ni mwaminifu.

Upande wa mrushaji, ushauri wangu ni kusema mapema. Ukisikia nambari zinasongamana, tamka palepale kwamba hesabu ni ya haraka. Mchezo hausimami, bali mlinzi anapaswa kurudi nyuma nambari moja kutoka ile aliyoitamka kikamilifu, yaani ikiwa alikuwa amemaliza kusema tano, neno linalofuata ni nne. Akikaidi, au akirudia rudia kosa hilo, una haki ya kusimamisha mchezo, na kosa likikubaliwa hesabu huanza tena kwenye moja. Chombo hiki ni chepesi na hakimvunjii mtu heshima, lakini wachezaji wetu wengi, hasa wasichana wanaokabwa na kaka waliowazidi umri katika timu mchanganyiko, huona haya kukitumia. Wapo pia wanaokiweka akiba makusudi ili wakiishiwa na muda wapate la kusema, na hao siwatetei.

Katika mchezo mmoja wa kirafiki, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amebanwa karibu na mstari wa pembeni, mguu wa kushoto umekita kwenye nyasi, wa kulia ukihama huku na huku, diski ikitishia kutoka upande huu kisha ule. Hesabu ilikwenda sawasawa hadi nane, kisha tisa na kumi zikatoka zimeshikana. Alibaki na diski mkononi akasema, "Kaka, hukunipa nafasi hata ya kulalamika." Mlinzi alifikiri kidogo, akajibu, "Mimi naona nilikupa sekunde yako, dada, lakini kama umepinga, turudi nane." Hivyo ndivyo kanuni inavyosema: kwisha kwa hesabu kukipingwa, diski hubaki kwa mrushaji na hesabu huendelea kutoka nane au chini yake. Kama mlinzi angekubali kwamba aliharakisha, wangeanza kwenye moja. Jambo la kuangalia ni kwamba ikiwa mrushaji anapinga lakini pia amerusha na diski ikaanguka, amepoteza, kwa hiyo asirushe ovyo akidhani malalamiko yatamrudishia.

Wapo wanaosema tulete marefa yaishe. Ligi ya kulipwa ya Marekani ina marefa, nao ndio wanaohesabu, tena hadi saba tu. Sioni kama dawa hiyo inatufaa. Mchezaji akishapewa refa huacha kujihesabia na huanza kumpima refa, na mimi naona mazoea hayo kila wikendi kwenye kandanda yetu.

Ninachopendekeza badala yake ni manahodha wakutane kabla ya kuanza, kila mmoja ahesabu kwa sauti hadi tano mbele ya mwenzake, na wachezaji wote wasikie. Malalamiko yakizidi katikati ya mchezo, kanuni zinawaruhusu manahodha kuusimamisha ili timu zizungumze kuhusu uungwana, na ni vyema kufanya hivyo wakati wa kurekebisha mambo bado upo. Karatasi ya alama za uungwana, ambamo kila timu humpa mpinzani wake alama, na ambayo kipengele chake cha kwanza hupima jinsi timu ilivyozijua na kuzitumia kanuni, hujazwa mchezo ukiwa tayari umekwisha.